Usimuulize Mtu Kiuno

Mteja akikwambia kiuno chake ni inchi thelathini na mbili, mwambie asante, kisha vuta futi upime. Nimeshona suruali miaka thelathini na moja na bado sijamwona mtu anayesema kweli kuhusu kiuno chake. Wanene wanapunguza, wembamba wanaongeza, na mwalimu mkuu wa hapa mtaani hutaja kiuno alichokuwa nacho siku ya harusi yake, tena bila kupepesa macho. Binti yangu nilimfundisha hivyo tangu alipokuwa anakaa chini ya meza ya kukatia akichezea vipande vya kitambaa: usimuulize mtu kiuno, mpime. Sikujua maneno hayo yatakuja kunirudia mimi mwenyewe.

Binti yangu ni daktari wa meno. Mtaa mzima unamwita Daktari, na mimi namwita hivyo hivyo. Mwanzoni ilikuwa utani, siku hizi ni kwa sababu sijui nimwiteje. Tangu mama yake afariki, miaka mitatu sasa, tunaongea kama watu wa ofisi mbili tofauti. Hupiga simu kila Jumapili saa kumi jioni. Ananiamkia, naitikia, ananiuliza habari, namwambia nzuri, namuuliza habari za kazi, ananiambia nzuri, tunaagana. Dakika moja na nusu, nimeshaipima kwa saa ya ukutani. Wala sina uchungu nayo. Niseme ukweli, tangu msiba ule sina uchungu na kitu chochote. Nashona, nakula, nalala. Watu wanasema fundi amejikaza kiume. Sijajikaza hata kidogo, sisikii kitu tu, basi.

Sasa lije jino.

Jino lenyewe ni la tano kutoka katikati, juu, upande wa kushoto, na ndilo ninalokatia uzi. Mkasi upo, unaning'inia kwenye msumari pale, lakini fundi aliyezoea meno haoni mkasi. Jino hilo lilikuwa limeshatibiwa mzizi mara moja, na aliyelitibu ni Daktari mwenyewe, mwaka wake wa mwisho chuoni. Mtihani ulitaka mgonjwa wa kweli mwenye jino bovu. Mimi jino bovu nilikuwa nalo, nikasafiri nikampelekea. Alifaulu vizuri sana. Siku kumi na moja baadaye tulimzika mama yake.

Hapo pana jambo, na afadhali nilimalize mapema. Mke wangu aliumwa miezi minne. Uvimbe tumboni, na hospitali walishatuambia kilichobaki ni kumtuliza tu. Yeye akasema, "Mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani." Nikakubali. Kila Daktari alipopiga simu, mama yake alisema nzuri, na mimi nikasema nzuri. Alikuja mara moja katikati, kwa siku mbili, akamkuta mama yake amevaa gauni la bluu, amependeza, ameketi. Akarudi chuoni anacheka. Na siku ile ya mtihani, nilipoinuka kwenye kiti taya lote likiwa limekufa ganzi, aliniuliza, "Mama hajambo?" Nikamwambia, "Hajambo." Nilitumia nusu ya mdomo, na uongo ukatoka umenyooka kama umepigwa pasi.

Hakunigombeza. Alikuja msibani, akapanga viti, akapokea wageni, akaomba apewe lile gauni la bluu, akaondoka. Sikumwambia kwamba kuficha lilikuwa wazo la mama yake. Marehemu hawezi kujitetea, na kichwa changu kinatosha kubeba.

Basi jino likaanza tena. Nilikaa nalo wiki tatu. Fundi Saa, ambaye tunagawana chumba cha kazi, yeye na meza yake ya saa dirishani, mimi na cherehani yangu mlangoni, alinipa karafuu, akanipa maji ya chumvi, na maneno akanipa bure. "Nenda kwa mwanao," alisema. "Mtu ana mwembe nyumbani, anaomba embe kwa jirani?" Nikamwambia sina mpango wa kwenda kwa mtu. Jumatatu nilikwenda.

Chumba chake cha kazi ni kidogo. Kiti cha wagonjwa kimechanika mkono wa kulia na kushonwa vibaya, nikajizuia kusema. Pembeni kuna friji ndogo inayonguruma. Aliniamkia, akanipiga picha ya jino, akaitazama kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Jino hili lina njia mbili kwenye mzizi," alisema. "Mimi niliona moja. Ya pili niliiacha na uchafu wake, nikaziba juu."

"Ilikuwa imejificha," nikasema.

"Ilikuwa pale pale, Baba."

Akanipa vidonge viwili na kikombe cha maji. Nikamwambia mbona sasa hivi haliumi. "Ndiyo maana unameza sasa hivi," akasema. Akaeleza, kwa sauti ile ile anayowaelezea watu wote, kwamba jino linalorudiwa huwa linauma baada ya kazi kuliko la mara ya kwanza, hasa siku mbili za mwanzo, na kwamba dawa inayotangulia maumivu inafanya kazi kuliko dawa inayoyakimbiza.

"Lakini mshipa si ulishautoa?" nikamuuliza. "Jino limekufa, linaumaje?"

"Jino haliumi. Inauma nyama iliyolizunguka."

Akanichoma sindano ya ganzi, akanitandika kipande cha mpira mdomoni, jino likabaki peke yake limechungulia. Alitoa dawa ya zamani kipande kwa kipande, akaingiza visindano vyembamba kuliko sindano zangu zote, akaitafuta ile njia ya pili. Alipoipata niliona mabega yake yameshuka. Kisha akafungua friji, akatoa chupa ya maji ya chumvi yenye baridi, akausafisha mzizi taratibu, dakika tano nzima kwa saa. Alisema baridi inatuliza nyama ya ndani isivimbe. Alikuwa ameanza kuitumia kwa kila mtu anayerudiwa jino, na kila mmoja alipewa kadi, ili ajue kama kweli inasaidia au ni yeye tu anajifurahisha. Mimi nilikuwa wa ishirini.

Alipomaliza aliniwekea kadi yangu mkononi. Ilikuwa na visanduku vinne: saa sita baada ya kazi, saa ishirini na nne, arobaini na nane, sabini na mbili.

"Nitakuuliza, nawe utanipa namba. Sifuri, hakuna maumivu. Kumi, maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Sitaki nzuri, Baba. Sitaki hajambo. Nataka namba."

Nikaitikia kwa kichwa.

Akavua glavu. "Na ukinidanganya safari hii, sitakuuliza tena. Si habari za jino tu. Sitakuuliza kitu chochote tena."

Hakupandisha sauti. Ningependa kusema moyo ulinilipuka, lakini sikusikia kitu, na ganzi ilikuwa mdomoni tu. Hata hivyo akili ilifanya hesabu yake: zile dakika moja na nusu za Jumapili ndizo zote nilizobaki nazo kwa mwanangu, na sasa zilikuwa zimening'inia kwenye kadi. Akanipa masharti mengine. Vidonge kila baada ya saa nane kwa siku mbili, liume lisiume. Barafu kwenye kitambaa, niiweke shavuni. Nitafunie upande wa pili. "Na uzi ukate kwa mkasi," alisema nikiwa nimeshafika mlangoni.

Jioni saa kumi alipiga. "Ngapi?"

"Sifuri," nikasema, na ilikuwa kweli. Nikajiona mtu mwema. Na kwa kuwa ilikuwa sifuri, nikaona dawa ya nini. Vidonge nikavitia kwenye kopo la vifungo visije vikapotea.

Jumanne asubuhi nilikuwa napandisha pindo la suruali ya mwalimu mkuu. Nashona, nawaza mambo yangu, nikafika mwisho, nikakata uzi. Nasema nikakata, lakini sikukata mimi. Ni mdomo, wenye miaka thelathini na moja ya mazoea, ulioinama wenyewe kushoto ukauma.

Jamani! Nilisimama wima na suruali ya mwalimu mkuu ikining'inia mdomoni kwa uzi. Kiti kikaanguka nyuma yangu. Fundi Saa, mwenye kioo chake cha jicho moja, akaruka naye, springi ya saa ya mtu ikamponyoka ikaingia chini ya kabati, na mpaka leo haijapatikana.

"Ndio mkasi huo!" akanionyesha msumarini. "Ulinunuliwa uwe pambo?"

Machozi yalinitoka ya maumivu, na niliyashangaa kidogo, maana sikuwa nimeyaona siku nyingi. Nilikuwa bado nimeshika shavu simu ilipolia. Saa nne kamili. Daktari hachelewi.

"Habari za jino, Baba?"

"Nzu—" nikaanza. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu nyumba yake imeungua, ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri, ila imeungua. Nzuri hutangulia, mengine yatafuata kama yakipata nafasi.

"Namba," akasema.

Nilikuwa na nane mdomoni, nzima, tayari. Nikawaza: nikisema nane atajua ameshindwa jino lile lile mara ya pili. Atakaa peke yake kwenye kile chumba chenye friji akitazama picha. Ya nini kumtia mtoto jakamoyo?

"Mbili," nikasema.

"Mbili," akarudia, nikasikia kalamu ikikwaruza. "Vizuri."

Fundi Saa alikuwa amepiga magoti akitafuta springi yake. Akainua kichwa akanitazama. "Mficha maradhi," alianza, kisha akakumbuka nyumba yangu ilipitia nini, akarudisha kichwa chini ya kabati.

Jumatano mchana alikuja mwenyewe. Nilimwona akivuka barabara na mkoba wake, nikageuza uso upande wa ukuta, kwa sababu shavu lilikuwa limeinuka kama nimeweka andazi. Aliniamkia, akamwamkia Fundi Saa, akasimama mbele ya cherehani.

Na Fundi Saa ni mtu mwema, lakini mdomo wake hauna breki. "Afadhali umefika, Daktari! Huyu jana aliumwa mpaka akavunja kiti. Karibu nimpigie simu mke wangu alete machela!"

"Jana saa ngapi?" akauliza Daktari.

"Saa tatu na nusu. Springi yangu ndiyo shahidi."

Binti yangu aliniangalia shavu. Akaangalia kopo la vifungo, ambalo nilikuwa nimeliacha wazi, vidonge vyake vyote vimekaa juu ya vifungo vya mashati. Akatoa nakala ya kadi yangu, aliyobaki nayo yeye, akasoma ile mbili.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema taratibu. "Usimuulize mtu kiuno, mpime. Kiuno kina futi, Baba. Maumivu hayana futi. Nina mdomo wako tu, na mdomo wako haufai."

Nikasema sikutaka kumsumbua.

"Sawa, Baba."

Akaikunja kadi mara mbili, akaitia mkobani, akamuaga Fundi Saa. Hiyo sawa naijua. Ndiyo aliyoisema siku ya msiba, nilipomwambia chakula kiko tayari. Akatoka, akashuka ngazi mbili za mlango, akaanza kuvuka barabara.

Sijui niliinuka saa ngapi. Nilijikuta barabarani, futi shingoni, pini tatu kwenye kola, nikipiga kelele: "Nane!"

Watu waligeuka. Mwuza magazeti aligeuka. Yeye hakugeuka.

"Nane! Jana ilikuwa nane! Leo saba! Nilikata uzi kwa meno, dawa sikumeza, nilikudanganya! Nane!"

Mtu mmoja akamuuliza mwenzake huyo fundi ananadi nini. Daktari alisimama katikati ya barabara, pikipiki ikampigia honi, akarudi mpaka ukingoni.

"Saba ya kupwita au ya kuchoma?" akaniuliza.

"Ya kugongwa. Nikifunga mdomo kama napigwa nyundo."

"Twende," akasema.

Alinikalisha tena kwenye kile kiti kilichoshonwa vibaya. Aliweka karatasi nyembamba ya bluu katikati ya meno yangu, akaniambia niume, nisugue. Akachungulia, na palikuwa na doa moja kubwa la bluu, juu ya jino lile lile.

"Nililiziba refu," alisema. "Kila ukifunga mdomo, lenyewe linagongwa kwanza. Kosa langu. Ungesema jana ningelipunguza jana."

Akalikwangua juu kidogo kwa mashine, akaniambia niume tena karatasi, akakwangua tena. Kazi ya dakika tatu. Akanipa vidonge, akasimama mbele yangu mpaka nikameza, kama nilivyokuwa nikimsimamia yeye na dawa ya minyoo.

"Sasa ngapi?"

"Tano. Tano na kidogo."

Akaikunjua kadi, akafuta mbili, akaandika nane, kisha akajaza kisanduku cha tatu: saba. Hakuinuka. Alikaa kwenye kile kiti chake cha magurudumu, kalamu mkononi, akiitazama kadi.

"Mama alikuwa ngapi?" akauliza.

Friji ilikuwa inanguruma. Nikasema mama yake hakuwahi kutaja namba.

"Wewe ulimpima."

Nikashika futi iliyokuwa bado shingoni.

"Lile gauni la bluu nililipindua nje ndani wiki ile ile ya msiba," alisema. "Pembeni lina mishono mitano mbali na ule wa kwanza, mmoja ndani ya mwingine. Naujua mkono wako, Baba. Miaka mitatu nangoja uniambie."

Hapo sikuwa na pa kwenda. Nikamwambia. Thelathini na sita ndicho kilikuwa kiuno chake cha siku zote. Nilipunguza mara ya kwanza, thelathini na nne. Mara ya pili, thelathini na moja, nayo ilikuwa kabla hajaja zile siku mbili. Nilishinda kutwa na lile gauni ili limkae vizuri, mtoto asione mama alivyokwisha. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kisha ishirini na tisa. Kisha ishirini na saba. Mara ya tano ishirini na tano, siku moja kabla sijapanda gari kuja kuwa mgonjwa wake wa mtihani.

"Na maumivu?"

"Kumi," nikasema. "Kuanzia ule mshono wa tatu, kumi kila siku. Alikuwa anauma upindo wa shuka. Wewe ukipiga simu, anautoa mdomoni anasema nzuri, halafu anaurudisha."

Aliandika. Aliziandika namba zote, zikateremka pembeni mwa kadi, nje ya visanduku. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Na wewe?"

"Sifuri," nikasema. "Si uongo huu, mwanangu. Sisikii kitu. Tangu siku ile sisikii kitu."

Akaandika sifuri. Akaitazama.

"Mimi tisa," alisema. "Miaka mitatu hujaniuliza."

Na ni kweli. Kila Jumapili nilimuuliza habari za kazi. Nilikaa na sifuri yangu, nikashona suruali za watu, na siku hata moja sikumuuliza. Hiyo iliniuma. Nasema iliniuma, na haikuwa jino.

"Na leo?" nikamuuliza.

"Leo nane."

Nikamwomba kalamu. Nikaigeuza kadi upande wa nyuma, uliokuwa mtupu, nikaandika mwenyewe kwa mkono wangu mbaya: Jumatano, nane. Kisha nikamwambia kesho saa nne nitapiga mimi.